Masikio ya Mashine na Kiswahili cha Wakimbizi: Historia ya Kusikiliza Simu za Huduma, kutoka Kampala hadi Dzaleka

Ikisiri

Programu za kuchanganua usemi zilibuniwa kwa ajili ya vituo vya simu vya kibiashara, lakini sasa zinapendekezwa pia kwa namba za bure zinazohudumia wagonjwa na wakimbizi. Makala hii inafuatilia njia zilizotumiwa Afrika Mashariki na Malawi kuchota mielekeo kutoka katika maneno ya wapigaji simu na wasikilizaji wa redio, kuanzia daftari la mhudumu hadi utambuzi wa usemi kwa kompyuta. Hoja yake ni kwamba makosa ya mashine hayatawanyiki kwa usawa: hufuata mipaka ya lahaja, na katika kambi ya Dzaleka mipaka hiyo hutenganisha wanaosikika na wasiosikika.

Utangulizi

Mwaka 1952 wahandisi wa Bell Labs nchini Marekani walitengeneza chombo walichokiita Audrey, kilichoweza kutambua tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa, mradi msemaji awe yule ambaye chombo kilikuwa kimezoezwa kwa sauti yake. Historia ya utambuzi wa usemi kwa kawaida huanzia hapo, na husimuliwa kama historia ya maendeleo: tarakimu zikawa maneno, maneno yakawa sentensi, msemaji mmoja akawa yeyote. Ni masimulizi yenye ukweli, lakini yanaficha kwamba neno "yeyote" lilikuwa na mipaka tangu mwanzo. Chombo hutambua sauti zinazofanana na zile kilizofundishwa nazo. Miaka zaidi ya 70 baadaye, kanuni hiyo haijabadilika. Kilichoongezeka ni wingi wa sauti za kufundishia, na wingi huo haukugawanywa kwa haki baina ya lugha za dunia, wala baina ya lahaja za lugha moja.

Mshauri wa sera anayeketi Lilongwe leo anaweza kuletewa pendekezo lenye sura njema. Simu zinazopigwa kwa namba ya bure zirekodiwe, programu izisikilize zote badala ya msimamizi kusikiliza chache, na kila wiki taarifa ionyeshe ni malalamiko gani yanapanda na yapi yanashuka. Pendekezo kama hilo lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea katika ukanda wetu wenyewe.

Kutoka sampuli hadi simu zote

Kituo cha simu kama tunavyokijua kilizaliwa na mitambo ya kugawa simu kwa zamu. Mmoja wa mitambo ya awali ulitengenezwa na kampuni ya Rockwell mwaka 1973 kwa ajili ya shirika la ndege la Continental. Baadaye ikaja desturi ya kurekodi, pamoja na tangazo ambalo leo mteja wa Nairobi, Dar es Salaam au Lilongwe amelizoea: kwamba mazungumzo yanaweza kurekodiwa ili kuboresha huduma. Kwa miaka mingi rekodi hizo zilikuwa ghala lisilofunguliwa. Msimamizi alisikiliza simu chache za kila mhudumu kwa mwezi, akazipa alama, na zilizobaki zikafutwa.

Programu za uchanganuzi wa usemi ziliahidi kufungua ghala hilo. Kulikuwa na mikondo miwili. Wa kwanza ulitafuta mfuatano wa fonimu bila kuandika mazungumzo yote. Kampuni ya Nexidia, iliyotokana na utafiti wa chuo cha Georgia Tech, ilijulikana kwa njia hiyo kabla ya kununuliwa na NICE mwaka 2016. Mkondo wa pili uligeuza mazungumzo yote kuwa maandishi, kisha ukatafuta ndani ya maandishi. Tofauti hiyo si ya wahandisi peke yao. Mkondo wa fonimu unaweza kutumika katika lugha isiyo na kamusi kubwa ya kompyuta, lakini hukosea sana kwa maneno mafupi, maana fonimu tatu au nne hupatikana kila mahali. Mkondo wa maandishi hutegemea orodha ya maneno, na lugha ambishi kama Kiswahili huisumbua orodha yoyote. Mtu aliyepunguziwa mgao anaweza kusema "nimekatwa", "walitukata", "tumekatiwa" au "wanatukatakata tu", na mzizi mmoja ukatawanyika katika maumbo ambayo mashine huyaona kama maneno tofauti.

Katika biashara, kosa la namna hii lina gharama ndogo. Kampuni inayotaka kujua kwa nini wateja wanahama inatosheka na mwelekeo wa jumla. Simu mia zikipotea kati ya elfu kumi, umbo la mchoro halibadiliki sana, iwapo zile mia zimepotea ovyoovyo. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjika tukitoka katika biashara na kuingia katika huduma ya kibinadamu.

Wasikilizaji wa Kivu

Kabla ya mashine, kulikuwa na watu. Mfano mkubwa zaidi wa uchanganuzi wa usemi wa Kiswahili katika dharura haukutumia programu ya utambuzi hata moja. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, na kumalizika rasmi mwezi Juni 2020, uliwakuta wafanyakazi wa afya katika eneo lenye vita na kutoaminiana. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba Beni, Butembo na kwingineko, wakasikiliza, kisha wakaandika waliyoyasikia. Kwa msaada wa wataalamu wa CDC ya Marekani, maelezo hayo, mamia ya maelfu kwa jumla, yaligawanywa katika mafungu: imani na uvumi, maswali, mapendekezo, shukrani. Ndani ya kila fungu kulikuwa na mada ndogondogo, na mada hizo zilihesabiwa kwa eneo na kwa wiki.

Hapo ndipo mielekeo ilipoonekana. Wengine walisema ugonjwa ni biashara ya watu wa nje. Wengine waliuliza kwa nini chanjo apewe jirani na wao wanyimwe. Swali la pili si uvumi. Ni swali la haki, lenye jibu la kitaalamu kuhusu mbinu ya kuchanja waliomzunguka mgonjwa, na lilihitaji kujibiwa, si kukanushwa. Mjitolea aliyekuwa amezaliwa Beni aliweza kutofautisha mambo hayo mawili kwa kusikia tu namna mtu alivyouliza. Vilevile alijua kwamba neno la Kifaransa "riposte", lililotumika kwa operesheni nzima ya kupambana na Ebola, lilikuwa limeshaingia katika Kiswahili cha mitaani likiwa na ladha chungu. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza lugha za mawasiliano katika mlipuko huo, lilionyesha kwamba Kiswahili sanifu na Kifaransa cha vipeperushi vilikuwa mbali na usemi wa watu waliokusudiwa.

Njia hii ilikuwa na dosari zake. Maelezo yalipita katika kalamu ya mjitolea, mara nyingi kwa Kifaransa, na kila kalamu huchuja. Lakini uchujaji huo ulifanywa na mtu anayeweza kuulizwa: "Alisema nini hasa?" Ninaona jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa katika maandishi ya teknolojia, ambako kazi ya binadamu hutajwa kama hatua ya mpito tu, ya kungojea mashine iive.

Redio za Uganda

Jaribio la mashine lenyewe lilifanyika Kampala. Maabara ya Umoja wa Mataifa iliyoitwa Pulse Lab Kampala, kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, ilitengeneza kuanzia katikati ya miaka ya 2010 mfumo wa kusikiliza redio za FM kwa ajili ya mipango ya maendeleo. Uchaguzi wa redio ulikuwa wa busara. Uganda ina vituo vya redio zaidi ya 200, na vipindi vya kupiga simu vimekuwa baraza la wananchi tangu utangazaji ulipofunguliwa kwa sekta binafsi katika miaka ya 1990. Mtu wa kijijini anayeona zahanati haina dawa hapeleki barua wizarani. Hupiga simu redioni.

Mfumo ulinasa matangazo kwa vifaa vidogo, ukayageuza kuwa maandishi kwa Kiganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda, ukatafuta maneno yaliyoteuliwa, kisha ukavipeleka vipande vilivyopatikana kwa wachambuzi binadamu. Watafiti walikuwa na saa chache mno za usemi ulioandikwa, zisizozidi 10 kwa kila lugha. Waliandika wazi kwamba mashine isingeweza kuachwa peke yake. Ilikuwa chujio la kwanza tu. Neno la mwisho lilikuwa la mtu anayejua Kiacholi. Mada zilizofuatwa ni pamoja na hali ya huduma za afya, majanga ya asili na mitazamo ya wenyeji juu ya wakimbizi.

Mambo mawili ya jaribio hilo hayasemwi vya kutosha. La kwanza ni kwamba redio ni usemi wa hadharani. Anayepiga simu redioni amechagua kusikika na wilaya nzima. Anayepiga simu katika namba ya msaada amechagua kusikika na mtu mmoja. Kuhamisha chombo kutoka kwa wa kwanza hadi kwa wa pili ni kuhamisha pia makubaliano ambayo hayakufanywa. La pili ni kwamba wasikilizaji wa redio za Uganda walikwisha kujua kwamba dola nayo husikiliza. Mwezi Septemba 2009, baada ya ghasia za Buganda, serikali ilifunga vituo kadhaa, kikiwamo CBS, na ikapiga marufuku ebimeeza, mijadala ya wazi iliyorushwa moja kwa moja kutoka kumbi za starehe. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kunasa mawasiliano. Mashine ya maendeleo ilitega sikio katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na masikio mengine.

Uganda hiyohiyo iliwapa wakimbizi namba yao. Mapema mwaka 2018 zilizuka tuhuma za ulaghai katika idadi ya wakimbizi na misaada yao. Uhakiki wa alama za vidole uliofanyika mwaka huo ulipata watu takriban milioni 1.1, ilhali orodha za awali zilikuwa na milioni 1.4. Mojawapo ya majibu ya Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR ilikuwa kuanzisha, Oktoba 2018, kituo kimoja cha simu cha mashirika yote, chenye wahudumu wa lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Asili hiyo haifai kusahaulika: kituo kilizaliwa kutokana na kashfa ya hesabu. Tangu siku ya kwanza kilikuwa na kazi mbili, kumsaidia anayelalamika na kuwachunguza wanaolalamikiwa.

Dzaleka na Lilongwe

Malawi ilikuwa na namba yake mapema zaidi. Chipatala cha pa Foni, yaani hospitali ya kwenye simu, kilianza wilayani Balaka mwaka 2011 chini ya shirika la VillageReach pamoja na Wizara ya Afya, kikilenga akina mama wajawazito na walezi wa watoto wadogo. Baadaye kilienea nchi nzima, kikapata namba ya bure 54747 kupitia mtandao wa Airtel, na hatimaye kikakabidhiwa serikalini. Wahudumu wake, waliofunzwa mambo ya afya, hujibu kwa lugha za nchi na huandika sababu ya kila simu. Wakati wa UVIKO-19 namba hiyo ilitumika kujibu maswali ya umma, na mafungu yaliyokuwa yakiandikwa na wahudumu yakawa dirisha la kuonea hofu za watu. Kwa masuala ya watoto ipo namba 116, inayoendeshwa na shirika la YONECO.

Mielekeo ilipatikana, basi, bila kurekodi usemi kwa ajili ya mashine. Ilipatikana kwa sababu mhudumu alielewa alichoambiwa. Na hapa ndipo mpigaji simu wa Dzaleka anapoanza kupotea, hata kabla ya programu yoyote kufika.

Kambi ya Dzaleka ipo wilayani Dowa, mwendo usiozidi saa moja hivi kutoka Lilongwe kwa gari. Chini ya utawala wa Kamuzu Banda ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina lenyewe la Kichewa hufasiriwa kuwa ahadi ya mfungwa kwamba hatarudia tena. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine kutoka Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, makanisani, katika redio ya kambi iitwayo Yetu na katika tamasha la Tumaini. Si lugha ya wenyeji wao, wala si lugha ya shule wala ya ofisi. Ni lugha ya wakimbizi kwa wakimbizi, katika nchi ambayo wahudumu wa namba za bure wamefunzwa kwa Kichewa, Kitumbuka, Kiyao na Kiingereza.

Dzaleka imewahi kuwa uwanja wa majaribio. Mwaka 2013 UNHCR ilijaribu hapo mfumo wake wa kutambua watu kwa alama za vidole na mboni za macho, kwa watu takriban 17,000, kabla ya kuusambaza duniani. Jaribio lilifaulu kwa vipimo vya walioliendesha, na wakimbizi wengi waliona faida ya kuwa na utambulisho usiopotea. Hata hivyo, ni vyema kutambua mtindo: teknolojia ya mwili hufika kwanza mahali ambapo watu wana nafasi ndogo ya kukataa. Sauti nayo ni sehemu ya mwili.

Njaa, njala, ufa

Turudi kwenye lugha, maana ndipo hesabu inapoharibikia. Viwango vya kimataifa vya kutaja lugha hutenganisha Kiswahili cha pwani, swh, na Kiswahili cha Kongo, swc. Hazina za kufundishia mashine mara nyingi hazitenganishi, au hutenganisha huku upande mmoja ukibaki tupu. Gelas, Besacier na Pellegrino (2012), walioweka msingi wa utambuzi wa usemi wa Kiswahili, walitumia saa chache za taarifa za habari. Modeli ya Whisper iliyotolewa mwaka 2022 ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, ambazo katika usemi ulioandikwa kwa lugha yake Kiswahili kilipata chini ya saa 10. Mradi wa Common Voice umeongeza sana akiba hiyo, na Siminyu na wenzake (2022) walishirikiana na wanaisimu ili lahaja zisimezwe na usanifu. Kazi yao inastahili kuigwa. Lakini hata humo sauti nyingi ni za watu wanaosoma sentensi zilizoandikwa, katika utulivu, kwa kinasa sauti kizuri. Simu ya Dzaleka hupita katika mtandao unaobana sauti hadi masafa finyu, kando ya soko, na aghalabu simu yenyewe imeazimwa.

Chukua sentensi ya mfano: "Batoto habapate dawa, minapiga simu mara mingi." Msikilizaji wa Goma au Bukavu haoni tatizo lolote ndani yake. Mashine iliyofundishwa kwa taarifa ya habari ya Dar es Salaam hutafuta "watoto", "hawapati", "ninapiga", na isipoyapata huokoteza yaliyo karibu. Hali huzidi pale mpigaji anapochanganya misimbo, jambo ambalo kwa mtu aliyeishi Dzaleka miaka 10 ndiyo hali ya kawaida. Kwa Mkongo wa mashariki njaa ni "njala", na kwa Kichewa pia ni "njala". Kwa Kirundi ni "inzara". Mashine inayotafuta "njaa" itakosa yote matatu, ama ikilegezwa ili iyapate italeta vipande vingi visivyohusika, kwa ile sababu ya ufupi wa neno iliyotajwa hapo juu. Kisha kuna "ufa". Kwa Kichewa ni unga, chakula cha kila siku, na wakimbizi walioishi Malawi hulitumia. Kwa Kiswahili sanifu ni mpasuko wa ukutani. Taarifa ya wiki inaweza kumwonyesha mkuu wa mradi kwamba malalamiko ya makazi yamepanda, katika wiki ambayo watu walikuwa wakililia unga.

Kuna pia adabu ya mazungumzo. Programu za kibiashara hupima ukimya, kupanda kwa sauti na maneno ya dakika ya kwanza ili kukisia hasira au uradhi. Mzee wa Uvira hataanza na shida yake. Atasalimu, atauliza hali ya mhudumu na ya nyumbani kwake, ataomba radhi kwa usumbufu, kisha ataeleza jambo zito kwa sauti ya chini. Anaweza kueleza shida ya jirani kana kwamba ni yake, au yake kana kwamba ni ya jirani. Kwa vipimo vya kibiashara huyo ni mteja aliyeridhika.

Hivyo makosa hayatawanyiki ovyoovyo. Anayezungumza Kiswahili karibu na sanifu, yaani aliyesoma au aliyepitia Tanzania, atasikika vyema. Mama aliyewasili jana kutoka Fizi hatasikika. Mchoro utatoka ukiwa safi, na usafi wake ndio hatari, kwa sababu ukimya wa kundi zima utasomwa kama kutokuwepo kwa shida. Mgawanyo wa chakula ukipangwa kwa mchoro huo, tofauti ya lahaja itakuwa imegeuka tofauti ya mgao.

Sikio linapogeuka

Kosa la kutosikia lina mwenzake, nalo ni la kusikia kupita kiasi. Sauti iliyohifadhiwa haisemi tu mtu anataka nini. Inadokeza anatoka wapi. Serikali kadhaa za Ulaya zimetumia uchanganuzi wa lugha kuamua asili ya waombaji hifadhi tangu miaka ya 1990, na matumizi mabaya yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa miongozo ya kuyadhibiti. Mwaka 2017 idara ya uhamiaji na wakimbizi ya Ujerumani ilianza kutumia programu ya kukisia lahaja kutokana na rekodi fupi ya simu. Waswahili wanazijua kesi hizi kwa karibu: Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza walipimwa kwa Kibajuni chao. Blommaert (2009), mtafiti aliyekijua Kiswahili vizuri, alichambua kesi ya kijana aliyejitambulisha kuwa Mnyarwanda ambaye maofisa wa Uingereza walimhesabu kuwa Mganda kwa sababu ya lugha alizozijua na asizozijua. Maisha yake ya kuvuka mipaka yalikuwa yamempa lugha za njiani, na sheria ilitaka lugha ya nyumbani.

Kwa Malawi jambo hili si la mbali. Nchi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 ikiweka masharti, yakiwamo kuhusu uhuru wa kutembea na haki ya kufanya kazi ya kuajiriwa. Kwa miaka mingi masharti hayo yalilegezwa kimyakimya, na wakimbizi wakafungua maduka mijini. Machi 2023 serikali iliamuru warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi na wanajeshi wakaanza kuwakusanya katika mitaa ya Lilongwe. Fikiria basi simu inayopigwa kutoka Area 49 wakati huo. Mpigaji anauliza dawa ya mtoto. Namba yake inajulikana, mnara uliobeba simu unajulikana, na lafudhi yake inamtaja kuwa mtu wa Kivu. Hakuna haja ya kudhani nia mbaya kwa kituo cha simu. Inatosha kwamba rekodi ipo, imepangwa kwa lugha na mahali, na ofisi nyingine inaweza kuiomba.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Malawi ya mwaka 2024 inatoa kinga fulani na kuikabidhi mamlaka ya mawasiliano, MACRA, usimamizi wake. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Zote hutegemea sana ridhaa. Ridhaa ya mtu ambaye mlango wa pekee wa huduma ni namba hiyohiyo ni kitu dhaifu, na tangazo la Kiingereza au Kichewa mwanzoni mwa simu haliiimarishi.

Kabla ya kununua

Mimi siungi mkono kukataa mashine kabisa. Wahudumu ni wachache, simu ni nyingi, na msimamizi anayesikiliza simu tano kwa mwezi naye ni chujio lenye upofu wake. Jaribio la Kampala lilionyesha kwamba mashine yenye elimu ndogo inaweza kumfaa mtu mwenye elimu kubwa, ikiwekwa chini yake. Kinachotakiwa ni mpangilio tofauti wa kazi. Mhudumu anayejua Kiswahili cha Kongo aajiriwe kwanza, na fungu la kila simu liandikwe naye; mashine ije baadaye, ipimwe dhidi ya mafungu hayo, na kiwango cha makosa kitolewe kwa kila lahaja badala ya wastani mmoja. Mwuzaji asiyeweza kutaja kiwango chake kwa swc hajapimwa kwa Dzaleka. Katika uwanja wa tafsiri jambo hili limekwisha kufanyika: hazina ya TICO-19, iliyotayarishwa mwaka 2020 kwa ajili ya taarifa za UVIKO-19, iliweka Kiswahili cha Kongo kama lugha ya peke yake. Hiyo ilikuwa maandishi. Kwa usemi wa simu kipimo kama hicho kinahitaji saa kadhaa za mazungumzo yaliyotolewa kwa hiari, yaliyoondolewa majina, na kuandikwa na watu wanaoisikia lugha hiyo bila kuitafsiri.

Watu hao wapo Dzaleka. Wamo walimu, watangazaji wa redio na wakalimani ambao tayari huitwa kila mara mashirika yanapokwama. Kuwalipa ujira halali wa kazi hiyo, badala ya posho ya kujitolea, kunagusa moja kwa moja sharti ambalo Malawi iliweka mwaka 1987 kuhusu ajira ya wakimbizi. Mazungumzo juu ya programu, kwa hiyo, yatalazimika kuanzia Wizara inayohusika na wakimbizi kabla ya kufika kwa mwuzaji.